Deni Langu kwa Mchezo wa Raunda

Ukimwambia mtu wa Mombasa kwamba mapenzi yako ya mchezo yalikomaa Embu na Meru, hapana shaka atadhani unazungumza juu ya kandanda. Mimi mchezo wangu si kandanda. Ni mchezo wa gongo na mpira, ambao Waingereza wanao kwa jina la kriketi, Wamarekani kwa jina la besiboli, na watoto wa shule zetu za msingi kwa jina la raunda. Nimeufuata tangu utotoni na leo kichwa changu kimejaa mvi. Lakini nina deni nao, na deni hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

UPONGOO WA MNAZI

Nilizaliwa Mji wa Kale, mtaa wa Kibokoni. Jumapili tulikuwa tukienda kusimama nje ya uwanja wa Mombasa Sports Club, klabu iliyoanzishwa mwaka 1896, tukitazama kriketi kutoka mbali. Hatukujua kanuni zake, ila mlio wa mpira ukigonga gongo ulitosha kutuganda pale hadi adhana ya Magharibi. Kesho yake mchezo ulihamia vichochoroni. Gongo letu lilikuwa kipande cha upongoo wa mnazi, mpira ulikuwa wa matambara, na aliyeupeleka juu ya dari ya jirani alipanda kuufuata mwenyewe na kuyapokea matusi ya mwenye nyumba.

Mwaka 1974 nilipelekwa kufundisha Embu. Ndugu msomaji, mtu wa pwani akifika Embu mwezi wa Juni hujua kwa nini Mungu aliumba blanketi. Ukungu unashuka kutoka Mlima Kenya, manyunyu hayaishi, na mimi natembea na kikoi juu ya sweta, watoto wakinicheka. Nilidhani kriketi yangu nimeiacha nyuma pamoja na jua. Mwaka uliofuata, 1975, lilipochezwa Kombe la Dunia la kwanza la kriketi kule Uingereza, nilikaa na redio ya masafa mafupi nikiifuata timu ya Afrika Mashariki. Ilicheza michezo mitatu ikashindwa yote. Nilihuzunika peke yangu, maana hapakuwa na hata mtu mmoja wa kumweleza.

WASICHANA WA UDONGO MWEKUNDU

Kumbe dawa yangu ilikuwa pale pale shuleni. Alasiri moja niliwaona wasichana wamechomeka nguzo nne katika udongo mwekundu. Mmoja ameshika gongo fupi lililochongwa kwa mti wa mbuni, mwingine anamrushia mpira kwa mkono wa chini. Paa! Mpira ukaruka hadi kwenye michongoma, na msichana akakimbia nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, huku wenzake wakipiga vigelegele. Nilisimama kama mtu aliyeitwa jina lake katika mji wa ugenini.

Kwa asiyeujua, raunda huchezwa na pande mbili za watu tisa tisa. Kila mchezaji hupiga kwa zamu. Akizunguka nguzo zote kwa pigo lake moja, upande wake hupata raunda. Mpira ukidakwa kabla haujagusa ardhi, au nguzo anayoikimbilia ikiguswa kwa mpira kabla hajafika, basi ametoka. Anayeijua besiboli ataona mara moja kwamba hawa ni ndugu wa tumbo moja: huko nako wachezaji ni tisa, na vituo vya kuzunguka ni vinne. Tofauti ni kwamba mchezaji wa raunda hukimbia na gongo lake mkononi, lakini wa besiboli hulitupa chini. Wamarekani hupenda kudai kwamba besiboli ni yao tangu mwanzo, ilhali jina hilo limo katika kitabu cha watoto kilichochapishwa London mwaka 1744.

Basi nikawa mwalimu wa raunda. Nilipohamishiwa Meru mwaka 1981 nilikwenda na mabegi mawili na magongo sita. Tulipita Runyenjes na Chuka, barabara ikipanda na kushuka mabonde, na utingo akaniuliza kama magongo yale ni ya kuswagia ng'ombe.

MANENO YA BARAZANI

Binti yangu wa kwanza alikulia Meru, katika mtaa wa Majengo, mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya nyumbani na adhana husikika vizuri. Alicheza raunda tangu darasa la nne. Sikumfundisha sana. Aliuona mpira mapema, kama ndege anavyoiona punje. Alikuwa akivaa suruali ndefu chini ya sare yake na ushungi ameufunga barabara, na katika mbio hapakuwa na wa kumshika.

Mwaka 1988, akiwa na miaka kumi na mitatu, timu yao ilishinda wilayani. Ikabidi wateremke Embu kwa mashindano ya mkoa na kulala huko siku tatu pamoja na walimu wao wa kike. Maneno yakaanza barazani. Binti wa Kiislamu anakwenda kulala wapi? Anakimbia mbele ya nani? Hakuna aliyeniambia usoni, lakini nilisikia, nami nikaogopa maneno kuliko nilivyoipenda haki. Usiku ule nilimwambia hataenda.

Hakulia. Aliingia chumbani akatoka na gongo lake akaniwekea mezani. "Basi, Baba, liweke wewe," alisema.

Timu ilikwenda bila yeye na ikashindwa. Miezi michache baadaye nilimsimulia mambo hayo mzee mmoja tuliyekuwa tukisali naye, mtu wa elimu na maneno machache. Alinikumbusha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na Bibi Aisha. Safari ya kwanza Bibi Aisha alishinda, na baadaye Mtume akamshinda. Kisha akaniuliza: "Mwanao alikuwa hana stara?" Nikasema alikuwa nayo. "Hakuwa na wa kumwangalia?" Nikasema alikuwa nao. "Basi ulimkataza kwa ajili ya nani?" Sikuwa na jibu.

MZALIWA WA MOMBASA

Miaka ikapita. Tarehe 15 Machi 2003, baada ya sala ya Isha, nilikuwa katika hoteli moja mjini Meru mbele ya televisheni. Kenya ilikuwa ikicheza na Australia huko Durban katika Kombe la Dunia la kriketi. Wanywaji chai walitaka taarifa ya habari, nikawasihi wangoje kidogo. Akaingia kurusha mpira Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, mwenye miaka 39, aliyekuwa amekwisha kustaafu kisha akaitwa tena. Alirusha mipira 50, akatoa mikimbio 7 tu, na akawaondoa wachezaji watatu, mmoja wao Ricky Ponting, nahodha wa Australia. Kenya ilishindwa, lakini Karim ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa siku hiyo. Hoteli nzima walikuwa wamesimama, hata wasiojua gongo linashikwa upande gani.

Simu ikalia. Alikuwa binti yangu, akiwa kwake Mombasa. "Baba, umemwona mtoto wa kwetu?" Nikasema nimemwona, na machozi yananilenga. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole: "Yeye walimwacha asafiri."

Sijapata kusikia neno lililonichoma zaidi ya hilo.

Mwaka 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto kule Williamsport, Marekani, na wakaifunga timu ya Oregon 3 kwa 2. Mwaka mmoja kabla yao timu ya Kampala ilikuwa imefuzu lakini ikanyimwa viza. Niliposoma habari hizo sikumfikiria afisa wa viza. Nilijifikiria mimi, maana katika nyumba yangu afisa wa viza nilikuwa mimi.

Wazazi wenzangu, sisemi tuyatupe maadili yetu. Stara ni wajibu, na kumwangalia mtoto ni wajibu. Lakini tutazame vizuri kama tunalinda dini au tunalinda majina yetu barazani.

Likizo iliyopita binti yangu alikuja Meru na mwanawe wa kike wa miaka kumi. Mtoto alilikuta lile gongo la mbuni juu ya kabati, limejaa vumbi, akauliza ni la nani. Mama yake akanitazama. Nikasema: "La mama yako. Mwombe." Alasiri ile tulichomeka nguzo nne uani. Mimi nilirusha mpira na binti yangu akapiga. Mpira ulivuka ua, nami nikaenda kuufuata mwenyewe.