Raha, Furaha na Heri: Kweli au Si Kweli?

Kiu ikikatwa na togwa baridi tunasema "raha". Mtoto akifaulu tunasema "furaha". Mwaka ukianza tunaombeana "heri". Maneno ni matatu na mambo ni matatu. Tukiyachanganya, tunaishia kuitafuta furaha mahali isipokuwepo.

"Pesa ni sabuni ya roho."
KWELI, ILA SI KWA KILA DOA. Anayelala njaa anahitaji unga, si mahubiri. Mwaka 2023 Daniel Kahneman, Matthew Killingsworth na Barbara Mellers walichambua upya takwimu za Wamarekani, wakaona kwamba kwa walio wengi furaha hupanda pamoja na kipato. Kwa wenye huzuni nzito, nafuu hiyo hukoma kwenye dola kama 100,000 kwa mwaka. Msiba haufuliki kwa sabuni hiyo.

"Ningeshinda bahati nasibu, ningefurahi maisha yangu yote."
SI KWELI. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake waliwahoji washindi 22 wa bahati nasibu ya Illinois, Marekani. Kundi lilikuwa dogo, lakini jibu lake linafikirisha: washindi hawakuwapita watu wa kawaida kwa furaha, na vitu vidogo kama kifungua kinywa au soga na rafiki viliwapungukia ladha. Moyo huzoea upesi.

"Raha jipe mwenyewe."
NUSU KWELI. Mwaka 2008 Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton walichapisha jaribio walilofanya Kanada. Watu walipewa asubuhi bahasha yenye dola 5 au 20: wengine wajinunulie kitu, wengine wamtendee mtu mwingine wema. Jioni, waliotoa ndio waliokuwa na furaha zaidi, na dola 20 hazikuzishinda dola 5.

"Nchi yenye furaha ndiyo yenye maisha ya maana."
SI KWELI. Ripoti ya Furaha Duniani humtaka mtu ayapime maisha yake kwa ngazi ya 0 hadi 10, na Finland imeongoza kila mwaka kuanzia 2018 hadi 2025. Lakini Shigehiro Oishi na Ed Diener, katika utafiti wa nchi 132 uliotoka 2014, waliona kwamba wanaosema maisha yao yana maana ni wengi zaidi katika nchi maskini, hasa penye dini yenye nguvu. Hilo lisitufanye tuusifu umaskini. Linatuambia tu kwamba ngazi ile haipimi kila kitu.

"Ukichoka na kuhangaika, basi maisha yako hayana heri."
SI KWELI KABISA. Mwaka 2013 Roy Baumeister na wenzake waliwapima Wamarekani karibu 400: wasiwasi na mihangaiko viliambatana na furaha pungufu, lakini na maana zaidi; na maisha yenye maana ni sehemu ya heri.

Mimi niliyaona hayo jikoni. Mama alikuwa akiamka saa tisa usiku kukanda unga wa maandazi, kanga kiunoni, macho mekundu kwa moshi wa mkaa. Raha haikuwepo. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye karai lile, naye alijua kila andazi linakwenda wapi. Siku nilipomletea cheti cha kidato cha nne, alifuta unga mikononi, akakishika kwa ncha za vidole kisichafuke, akacheka peke yake. Furaha ile ilianza kukandwa saa tisa usiku, miaka mingi kabla.