Miale au michirizi? Mwezi mpevu unavyotusuta wafasiri

Wiki kadhaa zilizopita mpwa wangu, mwanafunzi wa Gredi ya Nane, aliniletea ukurasa wa kitabu cha sayansi kilichoandikwa kwa Kiingereza. Walikuwa wametakiwa kueleza kwa Kiswahili jinsi uso wa mwezi unavyoonekana unapokuwa mpevu. Mimi, kwa kujiamini kwa mtu aliyezoea kulala na kamusi, nikamtafsiria papo hapo: "Kutoka kwenye kreta hizi hutokea miale mirefu inayong'aa." Akaandika, akashukuru, akaenda zake.

Mwezi ulipopevuka akaazima darubini yangu ya macho mawili, akatoka uani. Baada ya nusu saa hivi akarudi amekunja uso.

"Mjomba, ile miale uliyoniambia mbona siioni? Hakuna kitu kinachotoka pale. Naona tu michirizi myeupe, kama mtu amemwaga chokaa."

Nikatoka nikatazama. Kijana alisema kweli. Kumbe nilikuwa nimetafsiri neno bila kukitazama kitu chenyewe! Leo basi ninalipa deni hilo, kwa kueleza kile ambacho mwezi mpevu hutuonyesha na kwa nini neno nililompa mpwa wangu halifai.

Tuanze na neno. Katika Kiswahili, mwale ni mwanga ulio safarini. Tuna mwale wa jua unaopenya dirishani na mwale wa kurunzi gizani. Mwale hutoka kwenye chanzo, na chanzo kikizimwa nao hutoweka. Kiingereza hutumia neno moja kwa mwanga huo na pia kwa mistari yoyote inayotawanyika kutoka kitovuni. Sisi tukilichukua neno letu la mwanga na kulibandika juu ya mistari ya mwezini, msomaji ataelewa kwamba kreta hizo zinamulika kama taa. Hazimuliki. Mwezi wote hauna mwanga wake. Huakisi tu ule wa jua.

Isitoshe, mwezi huakisi kidogo sana. Kwa wastani uso wake hurudisha takriban asilimia 12 tu ya mwanga unaoupiga, karibu sawa na lami iliyochakaa. Unatuonekea mweupe kwa sababu nyuma yake pana weusi wa anga ya usiku. Juu ya "lami" hiyo ndipo yalipo madoa na mistari iliyo myeupe zaidi, na ndiyo aliyoiona kijana.

Mistari hiyo ilitokeaje? Kimondo kikubwa kinapougonga mwezi kwa kasi ya kilomita nyingi kwa sekunde, huchimba shimo na kurusha vifusi kila upande. Mwezini hakuna hewa ya kuvizuia, na mvutano wa huko ni takriban sehemu moja kwa sita ya ule wa duniani. Kwa hiyo vumbi na mawe huruka mbali mno kabla ya kutua. Yanapotua huacha unga mweupe wa mwamba uliosagwa, huku mawe makubwa yakichimbua ardhi mpya pale yanapoanguka. Tunachokiona ni alama ya kitu kilichopita na kutulia zamani.

Mfano maarufu zaidi ni Tycho, kreta iliyo upande wa kusini wa mwezi, yenye upana wa takriban kilomita 85. Huo ni karibu umbali wa barabara kutoka Nairobi hadi Naivasha. Baadhi ya mistari yake hunyooka zaidi ya kilomita 1,500, karibu sawa na kusafiri kwa barabara kutoka Mombasa hadi Kisumu na kurudi. Inakadiriwa kwamba Tycho ilichimbwa takriban miaka milioni 100 iliyopita, dinosau wakiwa bado wanatamba duniani. Makadirio hayo yanategemea kwa sehemu kubwa mawe yaliyoletwa na wanaanga wa Apollo 17 mnamo Desemba 1972. Wao walitua mbali sana na Tycho, lakini mahali ambapo inaaminika vifusi vyake vilifika.

Miaka milioni 100 ni mingi kwetu, ila kwa mwezi ni kama jana. Kreta nyingi zina umri wa mabilioni ya miaka, na mistari yao imekwisha kufifia. Chembe zinazotoka kwenye jua pamoja na vimondo vidogo mno huupiga uso wa mwezi bila kukoma, na polepole huutia weusi ule unga mweupe. Kwa jumla basi, weupe ni dalili ya ujana. Copernicus, kreta ya kilomita 93 inayokadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 800, bado ina mistari, lakini haing'ai kama ya Tycho. Kepler, jirani yake mdogo, nayo imezungukwa na mistari yake. Aristarchus, yenye upana wa takriban kilomita 40, ndiyo huonekana nyeupe kuliko kreta zote kubwa za upande unaotuelekea.

Sasa kwa nini tungoje mwezi upevuke? Wengi waliozoea darubini watakwambia kwamba usiku huo si wa kutazama mwezi. Ati hakuna cha kuona! Wana sababu. Mwezi ukiwa nusu, jua huuangaza kutoka ubavuni. Milima na kingo za kreta hutupa vivuli virefu, na vivuli ndivyo hutuonyesha kina na kimo. Mwezi ukipevuka, jua huwa nyuma yetu sisi tunaotazama, nalo huumulika uso kwa wima. Vivuli hutoweka.

Hebu fikiria barabara ya murram yenye mashimo. Jioni, jua likiwa chini, kila shimo lina kivuli chake na dereva huliona kutoka mbali. Saa sita mchana barabara ile ile huonekana tambarare, lakini ni wakati huo ndipo unapoona wazi palipomwagwa kokoto nyeupe na palipobaki udongo mwekundu. Mwezi nao ni hivyo hivyo. Clavius, kreta yenye upana unaozidi kilomita 200, hupotea karibu kabisa usiku wa mwezi mpevu. Tycho, ambayo haifikii hata nusu ya upana huo, hutawala upande mzima. Usiku wa mwezi nusu tunasoma maumbile ya ardhi. Usiku wa mwezi mpevu tunasoma rangi yake.

Turudi kwa neno. Nilipofikiri upya, nilikuwa na maneno mawili ya kuchagua. Milia ni neno zuri, lakini milia ya punda huzaliwa naye. Ni sehemu ya ngozi. Mchirizi ni alama iachwayo na kitu kilichopita: mchirizi wa chozi shavuni, mchirizi wa maji ukutani. Najua kuna atakayesema kwamba mchirizi ni wa kitu majimaji, na mwezini hakuna kilichochirizika. Ni hoja. Hata hivyo, watu tayari wanaliita michirizi lile jambo la mistari myeupe kwenye ngozi iliyotanuka, na hapo pia hakuna maji. Neno limekwisha kupanuka lenyewe midomoni mwa wasemaji. Basi tuseme michirizi ya Tycho, na miale tuiachie jua.

Na shimo lenyewe je? Wapo wanaopendekeza kasoko, neno linalotumika hasa Tanzania kwa shimo la volkano. Ni neno tamu, ila lina mtego wake. Kwa muda mrefu wataalamu wenyewe walidhani mashimo ya mwezini ni ya volkano. Mnamo 1787 William Herschel aliripoti kwamba ameona volkano zinazowaka kwenye sehemu ya mwezi iliyo gizani. Grove Karl Gilbert aliitetea nadharia ya vimondo mwishoni mwa karne ya 19 bila kuwashawishi wengi. Ni mnamo 1960 ndipo Eugene Shoemaker na wenzake walipoeleza kuhusu madini yaliyopatikana katika shimo maarufu la Arizona, Marekani, madini ambayo huhitaji mgandamizo mkubwa mno ili kuundwa. Volkano haiwezi kuutoa, kimondo kinaweza. Tukisema kasoko ya Tycho, tutakuwa tunamrudisha mwanafunzi kwenye kosa ambalo sayansi ilichukua muda mrefu kulitoka. Kreta, katika ngeli ya I-ZI, halina mzigo huo: kreta hii, kreta hizi.

Kuna atakayeuliza: jina lina ubaya gani? Mnamo 1651 padri Mwitaliano, Giovanni Battista Riccioli, alichapisha ramani ya mwezi yenye majina tunayoyatumia hadi leo, Tycho na Copernicus yakiwemo. Humo mabaka meusi yanaitwa bahari. Kumbe ni nyanda za lava iliyoganda! Zaidi ya karne tatu baadaye wanaanga wa Apollo 11 walitua kwenye Bahari ya Utulivu bila kulowa hata kidole. Jina likishaota mizizi halitoki. Kiswahili bado kinajenga msamiati wake wa falaki, na heri tuchague vyema kabla simiti haijakauka.

Kwa anayetaka kujionea, utaratibu ni mwepesi. Mwezi mpevu huchomoza mashariki karibu na saa kumi na mbili jioni, jua linapotua. Anza mapema, anga ikiwa bado na nuru kidogo, ili mng'aro usikukere macho. Darubini ya kawaida ya macho mawili yatosha. Iegemeze ukutani isitikisike. Usishangae picha za vitabu vya Ulaya zikionyesha Tycho chini. Sisi tuko kwenye ikweta, na mwezi unapochomoza, kusini mwake huwa kwa jumla upande wetu wa kulia. Itafute Tycho huko kulia, na Copernicus na Kepler sehemu ya chini. Kufikia saa sita usiku mwezi huwa karibu na utosi, basi tandika mkeka ulale chali. Karibu na alfajiri, ukielekea magharibi, Tycho itakuwa imehamia kushoto.

Walimu nao wanaweza kuifanya michirizi darasani. Jaza unga wa ngano kwenye karai, nyunyiza juu yake tabaka jembamba la vumbi la makaa, kisha angusha kijiwe kutoka kimo cha bega. Unga mweupe utatawanyika juu ya weusi kwa mistari inayotoka kwenye shimo.

Nilifanya hivyo na mpwa wangu Jumamosi iliyopita. Alipomaliza alikichukua kile kijitabu chake, akafuta "miale" na kuandika "michirizi" kwa kalamu nyekundu. Kisha akanitazama kwa jicho la mwalimu anayesahihisha.

"Sasa, Mjomba, ile darubini naweza kubaki nayo hadi mwezi ujao?"

Nilimwambia abaki nayo.