Mwosha Vyombo Aliyejifunza Kusoma kwa Gazeti

Wengi wetu tumekwisha kuona sinema. Wale watu tunaowasikia wakisema katika picha, hawasemi maneno yao. Maneno yameandikwa kwenye karatasi. Mchezaji huyasoma kwanza mpaka yakae kichwani. Je, asiyejua kusoma atafanyaje?

Jambo hilo lilimpata Sidney Poitier. Wazazi wake walikuwa wakulima wa nyanya huko Cat Island, kisiwa kimoja cha Bahamas. Alizaliwa mwaka 1927 mjini Miami, Marekani, walipokwenda kuuza nyanya zao. Shule alisoma kidogo tu. Akiwa na miaka 16 alifika New York, akawa anaosha vyombo hotelini.

Siku moja alikwenda kuomba nafasi katika kikundi cha maigizo cha Wamarekani weusi. Akapewa karatasi asome. Lo! Alisoma kwa kukwamakwama, tena kwa matamshi ya kisiwani. Mkubwa wa pale akamtoa nje, akamwambia akatafute kazi ya kuosha vyombo!

Basi alinunua redio, akawa anaiga matamshi ya watangazaji. Kusoma alifundishwa na mzee mmoja, mhudumu wa hoteli alimokuwa akifanya kazi. Usiku kazi ikiisha, hao wanakaa na gazeti, neno moja moja: hili linatamkwaje, hili maana yake nini. Naam, gazeti, kama hili ulilolishika. Kisha akarudi kwenye kikundi kile, akakubali kufanya usafi ili naye afundishwe.

Mwaka 1950 alicheza kama daktari katika sinema ya No Way Out. Mwaka 1957 akacheza Something of Value, inayohusu vita vya Mau Mau nchini Kenya. Mwaka 1964 akapata tuzo ya Oscar, mwanamume mweusi wa kwanza kushinda kama mchezaji mkuu.

Baadhi ya weusi wenzake walimlaumu, eti anacheza watu wapole mno kwa wazungu. Sisi tunaona lawama hiyo haikumfaa sana. Katika sinema ya In the Heat of the Night ya mwaka 1967, mzungu tajiri anampiga kofi. Naye anamrudishia papo hapo.

Baadaye aliongoza sinema mwenyewe, na tangu 1997 mpaka 2007 alikuwa balozi wa Bahamas nchini Japani. Alifariki Januari 6, 2022, akiwa na miaka 94. Uzeeni alisema anasikitika kwamba hakupata kumshukuru yule mhudumu.