Paka Kipofu: Tunza Macho Yake Ingawa Hayaoni

Katika skimu nyingi za makazi paka ni mfanyakazi asiyedai mshahara. Mkulima akishapukuchua mahindi yake na kuyatia katika magunia, panya huja usiku, na mlinzi wa ghala ni paka. Panya hali mahindi tu. Hutoboa gunia, humwaga punje chini, na kuchafua kwa mkojo na mavi hata yale asiyoyala. Basi mwenye paka hodari ana mali nyumbani.

Lakini kazi hiyo ina hatari kwa macho. Paka hupigana na wenzake, hukutana na nyoka, tena hupatwa na mafua ya paka ambayo hushambulia macho. Siku moja mwenye nyumba huona kwamba paka wake anajigonga kwenye kiti kilichosogezwa. Hapo wakulima wengi hufanya moja la mambo mawili. Wengine humtia katika gunia na kwenda kumtupa mbali. Wengine humwachia jikoni alale, macho yamegandamana kwa tongotongo na nzi wamejaa usoni.

Yote mawili hayafai. Paka kipofu akitupwa hufa kwa njaa, au huuawa na mbwa, au hukanyagwa na gari. Na yule aliyeachwa jikoni ana shida ambayo mwenyewe hawezi kuieleza. Ndugu mkulima, jambo la kwanza kulijua ni hili: jicho lisiloona bado laweza kuuma. Kuona kumekwisha, lakini maumivu hayajakwisha. Ndiyo sababu jicho hilo lataka kusafishwa, na kazi yenyewe ni ya dakika tano tu.

KWA NINI JICHO KIPOFU HUCHAFUKA?

Jicho zima hujisafisha lenyewe. Machozi huliosha, na kope hupangusa kila paka anapopepesa. Jicho lililoharibika mara nyingi haliwezi kazi hiyo. Kama limesinyaa, kope huingia ndani, na manyoya husugua jicho mchana na usiku. Kama limevimba na kutokeza nje, kope hazifungi sawasawa, nalo hukauka. Kama halipo kabisa, shimo lililobaki laweza kukusanya uchafu na usaha.

Uchafu huo huita nzi. Nzi hutaga mayai, na mayai huwa funza. Basi jicho chafu laweza kumletea paka ugonjwa mkubwa kuliko ule uliompofusha.

JE, PAKA WAKO HAONI KWELI?

Fanya jaribio dogo. Chukua kipande cha pamba na ukiangushe mbele ya uso wa paka. Pamba haina sauti wala upepo. Paka anayeona ataifuata kwa macho, asiyeona hatatikisika. Tazama tena mboni zake. Mboni ya paka mzima juani huwa nyembamba kama uzi. Ikiwa mboni zote mbili zimebaki pana hata mchana, huenda haoni.

Paka mzee akipofuka ghafla, na macho yake yaonekana safi, usingoje. Huenda ni ugonjwa wa shinikizo la damu, nao huwapata paka pia. Mpeleke kwa Daktari wa Mifugo siku hiyo hiyo, maana pengine macho yaweza kuokolewa.

VITU VYA KUTAYARISHA

Hutahitaji vitu vya gharama. Tayarisha hivi:

Maji nusu lita, yaliyochemshwa.
Chumvi kijiko kimoja cha chai, kisijae kupita ukingo.
Pamba safi, au vipande vya kitambaa laini cheupe kilichochemshwa.
Taulo kuukuu au gunia safi la kumfungia paka.
Bakuli ambalo halitumiwi kwa chakula cha watu.

Tia chumvi katika maji yangali ya moto, koroga mpaka iyeyuke, kisha acha yapoe mpaka yawe uvuguvugu. Yapime kwa kumwagia kidogo nyuma ya mkono wako. Usizidishe chumvi kwa kudhani kwamba dawa kali ndiyo dawa nzuri. Kipimo hiki kimekaribia chumvi iliyomo katika machozi. Chumvi ikizidi huchoma. Maji yatakayobaki jioni yamwage, na kesho utengeneze mengine.

NAMNA YA KUSAFISHA

1. Nawa mikono kwa sabuni, kisha isuuze vizuri ili sabuni isiingie jichoni.

2. Sema na paka kwa upole kabla hujamshika. Hakuoni unapokuja, na akishtuka atakuparura. Mfunge kwa taulo, miguu yote ndani, kichwa peke yake nje. Yafaa mtu wa pili amshike.

3. Anza na jicho lililo zima zaidi, ili usichukue uchafu wa jicho bovu na kuupeleka kwenye jicho zuri.

4. Chovya pamba katika maji ya chumvi, ikamue kidogo, uiweke juu ya jicho lililofungwa. Iache hapo dakika mbili au tatu. Tongotongo lililokauka litalainika. Usilibandue kwa ukucha wala usilivute, kwani litatoka na ngozi.

5. Pangusa mara moja tu, kutoka pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwenda nje. Tupa pamba hiyo na uchukue nyingine. Endelea hivyo mpaka pamba itoke safi. Kila jicho liwe na pamba yake.

6. Kausha manyoya yaliyolowa kando ya jicho, ili ngozi isichubuke.

7. Kama Daktari wa Mifugo amekupa dawa ya kupaka, vuta ukope wa chini taratibu, utie kiasi cha punje ya mchele. Ncha ya mrija wa dawa isiguse jicho.

8. Mpe paka omena mmoja au kipande cha nyama. Paka ana akili. Baada ya siku chache atakuwa mtulivu kwa sababu anajua kwamba mwisho wa kazi ni kitoweo.

9. Choma pamba iliyotumika, na unawe mikono tena.

Jicho likitoa uchafu, fanya kazi hii asubuhi na jioni. Jicho likiwa kavu na safi, yatosha kulitazama kila siku na kupangusa panapokuwa na uchafu. Kitongotongo kidogo cha rangi ya kahawia asubuhi si ugonjwa.

MAMBO YASIYOFAA KAMWE

Wako watu ambao humtilia mnyama jichoni maziwa, maji ya tumbaku, majani yaliyotwangwa, au mkojo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoponya. Majani na tumbaku huchoma, na maziwa huota vijidudu na kuita nzi.

Usitumie dawa ya macho uliyopewa wewe au mtoto wako hospitali. Dawa nyingine zina steroidi, na kama jicho la paka lina kidonda, steroidi huweza kukifanya kidonda kile kitoboe jicho.

Usimpe paka Panadol kwa kuwa unaona anaumwa. Parasetamoli ni sumu kwa paka, na kidonge kimoja tu chaweza kumwua. Wala usimwoshe kwa dawa ya josho ya kuulia kupe wa ng'ombe. Paka hujilamba mwili mzima, na dawa hiyo ataimeza.

Mwisho, ukiona utando mweupe umejitokeza katika pembe ya jicho karibu na pua, usijaribu kuukwangua wala kuukata. Huo ni ukope wa tatu, ambao kila paka anao. Ukionekana muda wote ni alama kwamba paka mgonjwa, au jicho linamwuma.

WAKATI WA KUMWITA DAKTARI WA MIFUGO

Kusafisha ni kazi yako. Kutibu ni kazi ya daktari. Mwite au umpeleke paka ukiona alama hizi: usaha wa manjano au wa kijani; damu; jicho lililovimba na kuwa gumu; funza; paka anayefumba jicho kwa nguvu na kulikwaruza kwa mguu; au paka aliyekataa chakula siku nzima.

Jicho kipofu lililovimba mara nyingi lina maumivu makali, na huenda daktari akashauri kuling'oa. Wengi husikia shauri hilo kama ukatili. Fikiri vema: jicho hilo halimwonyeshi paka kitu, humpa uchungu tu. Likitolewa na kidonda kikipona, maumivu yale yamekwisha, naye hurudia kula na kulala kwa raha.

Kama paka ametemewa mate na swila, usingoje daktari. Mwagia jicho maji safi mengi papo hapo, kwa dakika 15 au zaidi, ndipo umpeleke. Maji ya haraka yaweza kuokoa jicho. Usitie kitu kingine chochote.

KUMTUNZA NYUMBANI

Paka kipofu huona kwa masikio, pua na sharubu zake. Huijua nyumba kwa kukumbuka. Kwa hiyo chombo cha chakula na cha maji vikae mahali pamoja siku zote, wala usisogeze viti na mitungi bila sababu. Usimbebe na kumweka mahali asipopajua; mwache aende mwenyewe.

Jiko la kuni ni hatari kwake. Weka mawe au ubao kuzunguka moto. Funika pipa la maji na shimo lo lote karibu na nyumba. Usimwache atoke njiani penye magari na mbwa.

Mwekee sanduku lenye mchanga au majivu kwa ajili ya haja zake, na lisafishwe kila siku. Mama mwenye mimba asifanye kazi hiyo, kwa maana mavi ya paka huweza kuwa na vijidudu vinavyodhuru mtoto aliye tumboni.

Je, ataweza kazi ya ghala? Asipewe kazi ya usiku nje. Lakini ndani ya chumba anachokijua, wako paka vipofu ambao bado hunasa panya kwa kusikia tu. Hata asiponasa, amekwisha kukutumikia.

KUZUIA UPOFU

Mengi ya haya yaweza kuzuiwa, na hapa ndipo mkulima mwenye busara atie nguvu zake.

Tazama vitoto. Kitoto cha paka hufumbua macho kati ya siku ya 7 na ya 14. Ukiona kope zimevimba kabla ya hapo, au zimegandamana baadaye, kuna usaha ndani, nao waweza kupofusha kwa siku chache. Weka pamba ya uvuguvugu mpaka kope ziachane zenyewe, safisha usaha, na utafute daktari mara moja. Mafua ya paka ndiyo sababu kubwa, nayo yana chanjo ambayo hupewa vitoto kuanzia wiki ya 8 au ya 9.

Mlishe paka nyama au samaki. Katika mwaka wa 1975 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba paka aliyekosa taurini huharibika nyuma ya jicho na kupofuka. Taurini hupatikana katika nyama, samaki, na panya mwenyewe, lakini haimo katika ugali. Basi paka anayefungiwa ndani na kulishwa ugali na maziwa peke yake yumo hatarini, na upofu huo ukishaingia hauponi. Omena kila siku ni kinga ya bei ndogo. Tena paka kipofu, kwa kuwa hawindi kama zamani, ndiye anayehitaji omena kuliko wote.

Mhasi paka dume. Aliyehasiwa hapigani sana, na kucha za mwenzake hazitamfikia jichoni kwa urahisi.

Mchanje paka kichaa cha mbwa akifika miezi 3, kisha urudie kama daktari atakavyokuambia. Ugonjwa huu huwashika paka pia, na wewe utamshika paka huyu kila siku. Akikuuma au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali.

KUMBUKA

Maji ya chumvi ya uvuguvugu; kila jicho na pamba yake; pangusa kutoka puani kwenda nje; usitie dawa usiyopewa na Daktari wa Mifugo; chakula na maji mahali pamoja.

Leo jioni, kabla ya kufunga ghala, mwite paka wako karibu na taa umtazame macho, ingawa ni mzima. Ugonjwa wa jicho ukionekana siku ya kwanza, mara nyingi hutibika. Ukionekana baada ya mwezi, kazi iliyobaki yaweza kuwa ile ya pamba na maji ya chumvi, asubuhi na jioni, maisha yake yote.