Jengo limekwisha, sanamu iko kifungu gani?

Kwenye makao makuu mengi ya halmashauri, kazi ya kwanza ya kuchongwa utakayokutana nayo ni jiwe la msingi. Limesuguliwa likang'aa, herufi zimejazwa rangi ya dhahabu, na jina la mzinduzi limeandikwa kubwa kuliko jina la jengo lenyewe. Jiwe hilo lina fungu lake, lina fundi wake mjini, na sijasikia mkaguzi akihoji kwa nini lilinunuliwa. Kwa soko la sanaa ya kudumu katika ofisi za umma, hapo ndipo wengi wanaposimama.

Singida ina sababu ya kwenda mbele zaidi. Wilaya za Ikungi na Mkalama zilianzishwa mwaka 2012, na zote mbili zikaanza kujijengea ofisi. Mwaka 2019 Serikali ilipoziagiza halmashauri za wilaya zilizobanana mijini zihamie katika maeneo yao, Halmashauri ya Wilaya ya Singida nayo ikafungasha kwenda Ilongero. Jengo la utawala, ukumbi wa madiwani, maegesho na bustani vyote vinahitajika, na vyote vinaandikwa kwenye orodha ya vipimo na gharama za ujenzi (BOQ). Sanamu ikikumbukwa, inaangukia mwisho kabisa, kwenye kazi za nje, pamoja na maua na vitofali vya njia. Mkandarasi aliyebakiwa na wiki mbili anamtafuta fundi rangi "anayejua kuchora", na matokeo yake tunayajua.

Majirani zetu wa Kenya waliyaona Agosti 2024. Eldoret ilikuwa inapandishwa hadhi kuwa jiji, mji wa wanariadha wa dunia, na sanamu za wakimbiaji zikasimamishwa barabarani. Watu walizicheka mitandaoni mpaka zikaondolewa. Nairobi, katika nchi hiyohiyo, sanamu ya mpigania uhuru Dedan Kimathi iliyofanywa na Kevin Oduor ipo mahali pake tangu 2007, na watu wanapanga miadi chini yake.

Fedha zenyewe si za kutisha. Ufaransa tangu 1951 ina utaratibu wa kutenga asilimia moja ya gharama za majengo ya umma kwa ajili ya sanaa, na mji wa Philadelphia, Marekani, ukaweka sharti kama hilo mwaka 1959. Halmashauri zetu hazibanwi na sharti la namna hiyo. Lakini piga hesabu: jengo la shilingi bilioni 3 lingetoa milioni 30.

Milioni 30 haitoshi kuota shaba kubwa. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ilitengenezwa Uingereza na mchongaji James Alexander Stevenson, ikaja kwa meli. Saruji ndiyo inayowezekana, na saruji isidharauliwe: kumbukumbu ya watumwa iliyofanywa na Clara Sörnäs mwaka 1998, Mji Mkongwe, Zanzibar, ni ya zege, na wageni wanasimama kimya kuitazama. Siri iko kwenye kazi isiyoonekana. Nondo zinakunjwa kwanza zikapata umbo, zinavalishwa wavu, saruji inakandikwa kwa tabaka, kisha magunia mabichi yanafunika kila kitu kwa siku kadhaa ili isikauke kwa pupa. Fundi anayeharakishwa anaruka magunia. Jua la Singida na upepo wake vinafanya yaliyobaki: ufa, maji, kutu ya nondo, na mkono wa shujaa unadondoka.

Mimi ningeanzia kwenye mawe. Mkoa umejaa majabali ya itale, mengine makubwa kama nyumba, na watu wanayavunja kila siku kuwa kokoto. Mchongaji wa mpingo hawezi kuhamia kwenye itale kesho asubuhi, kwa kuwa jiwe hilo linataka grinda, diski za almasi na subira. Ila jabali lililoko uwanjani halihitaji kununuliwa wala kusafirishwa. Lisawazishwe upande mmoja, lichongwe.

Na la kuchonga lipo. Uwanja wa mpira wa Singida, uliokuwa Namfua, leo unaitwa Liti, kwa jina la mwanamke wa Kinyaturu ambaye masimulizi yanasema aliwapiga Wajerumani kwa makundi ya nyuki. Masimulizi yanazungumzia nyuki kuliko sura yake, kwa hiyo msanii asilazimishwe kumtengenezea pua na macho. Nyuki wanatosha.

Linalobaki ni karatasi, na hapo wasanii wanajiangusha wenyewe. Zabuni za umma zinapita kwenye NeST, mfumo wa manunuzi wa kielektroniki; asiyejisajili haonekani. Asilimia 30 ya bajeti ya manunuzi ya taasisi za umma hutengwa kwa makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi cha wachongaji vijana kinaweza kuingilia mlango huo, badala ya kusubiri makombo ya mkandarasi. Mkataba useme pia nani atairekebisha kazi baada ya miaka mitano. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inampa msanii haki ya kupinga kuharibiwa kwa kazi yake, jambo la kukumbuka katika nchi ambayo, Mwenge wa Uhuru ukikaribia, kila kilichosimama kinapakwa rangi, hata mashina ya miti.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na rasimu za bajeti zinafika kwa madiwani miezi kadhaa kabla. Msanii wa Singida anayetaka kifungu chake kionekane amwendee diwani Novemba. Akisubiri Juni, atakuta vitofali vimeshanunuliwa.