Detekta ya Dhahabu Iliyotumika: Ipime Kwenye Udongo, Siyo Mezani

Detekta mpya ya dhahabu ya daraja la juu, kama zile GPX na GPZ za kampuni ya Minelab ya Australia, inauzwa maelfu ya dola za Kimarekani. Ukigeuza kuwa shilingi unapata mamilioni mengi, hela ambayo mchimbaji mdogo wa Mwakitolyo haioni kwa wiki mbili tatu za kushinda duarani. Ndiyo maana wengi wanatafuta iliyotumika. Watu watatu wanne wanachanga, mmoja anauza ng'ombe, mwingine anatoa hela ya mpunga, halafu anatafutwa dalali. Na hapo ndipo watu wanapoingizwa mjini.

Makala hii ina fizikia kidogo, ile tu inayotosha kukuokoa na hasara. Hoja yenyewe ni moja: usinunue kina ulichoambiwa, nunua kina ulichokipima mwenyewe kwenye udongo wa kwenu.

Kwanza, mashine inasikia nini?

Watu husema detekta "inaona dhahabu". Haioni. Ile sahani ya chini, yaani koili, ni waya uliozungushwa. Umeme ukipita ndani yake unatengeneza uga wa sumaku unaoingia ardhini. Mashine za mipigo, ambazo ndizo zinazopendwa kwenye ardhi ngumu kama yetu, huwasha umeme huo na kuukata ghafla, mara nyingi sana kwa sekunde moja. Uga unapokatika ghafla, kipande chochote cha metali kilicho karibu kinazaa ndani yake mikondo midogo ya umeme inayozunguka. Mikondo hiyo nayo inatoa uga wake, dhaifu sana, unaofifia haraka. Mashine inasikiliza huo mwangwi.

Kwa hiyo msumari unalia, kizibo cha soda kinalia, risasi inalia, dhahabu inalia. Hakuna sauti ya dhahabu peke yake. Baadhi ya mashine zinajaribu kubagua chuma, lakini kwenye kina kirefu ubaguzi huo unakosea. Muuzaji akikwambia "hii inalia kwa dhahabu tu", anza kuwa na wasiwasi.

Kwa nini inanyamaza juu ya mwamba tajiri?

Hili linawasumbua wengi. Dhahabu nyingi inayotoka kwenye maduara iko ndani ya mwamba, imesambaa kwa chembe ndogo ndogo. Ndiyo maana mawe yanapelekwa karashani, yanasagwa, kisha yanaoshwa mwaloni. Tani moja ya mawe yenye gramu 10 za dhahabu ni mawe mazuri sana. Lakini ukipitisha detekta juu yake, huenda usisikie chochote.

Sababu ni hii. Muda ambao mikondo inadumu ndani ya kipande unategemea mraba wa ukubwa wake. Linganisha kipande cha milimita 5 na chembe ya milimita 0.1. Tofauti ya ukubwa ni mara 50, kwa hiyo mwangwi wa chembe unafifia haraka mara 2,500 zaidi. Mashine nyingi za mipigo huanza kusikiliza takriban mikrosekunde 10 baada ya umeme kukatwa. Wakati huo mwangwi wa chembe umeshazimika zamani. Na chembe elfu moja zilizotengana hazijumlishwi kuwa kipande kimoja kikubwa, kila moja inazimika kivyake.

Kwa hiyo, kabla hujafikiria bei, jiulize: eneo lenu linatoa vipande vya dhahabu vinavyoshikika kwa vidole, vilivyo karibu na uso wa ardhi? Kama jibu ni ndiyo, detekta ni chombo cha kazi. Kama dhahabu yenu ni ya unga, hela hiyo ipeleke kwenye kupima sampuli maabara au kwenye pampu ya maji. Mashine nzuri kuliko zote duniani haitakusaidia.

Hesabu ya kina

Dalali atakwambia mashine inafika mita tano. Tuangalie. Koili inapokuwa mbali kiasi na kipande, uga wake unapungua kwa mchemraba wa umbali: umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inagawanywa kwa 8. Mwangwi wa kipande nao unaporudi juu unapungua hivyo hivyo, kwa 8 tena. Nane mara nane ni 64. Maana yake, ili kipande kile kile kisikike kwenye kina cha mara mbili, mashine inatakiwa kuwa na usikivu mara 64 zaidi. Hata kuongeza robo tu ya kina kunahitaji karibu mara 4.

Sasa fikiria kipande chenyewe. Dhahabu ni nzito mno, kila sentimita moja ya ujazo ina gramu 19.3. Hivyo gramu moja ikifinyangwa kuwa kijitufe ina upana wa kama milimita 4.6, karibu sawa na punje ya choroko. Kipande kama hicho kinasikika kwenye kina cha sentimita, siyo mita. Vipande vya kina kirefu ni vile vikubwa, na hivyo ni vichache.

Koili kubwa, tuseme ya inchi 14 ukilinganisha na ya inchi 11, inashuka zaidi kwa vipande vikubwa, ila inaanza kupoteza vile vidogo. Hakuna koili inayoshinda kwa kila kitu. Chagua kufuatana na vipande vinavyopatikana kwenu.

Udongo wetu una kelele

Ukanda wa dhahabu kuanzia Shinyanga hadi Geita uko juu ya miamba ya kale sana, na sehemu nyingine ina miamba yenye matabaka ya chuma. Ile changarawe nyekundu unayoiona barabarani ni chuma kilichooza kwa mvua na jua la miaka mingi. Madini hayo ya chuma nayo yanajibu uga wa koili, na jibu lao linaweza kufunika mwangwi wa dhahabu. Ndiyo maana detekta ya bei rahisi iliyotengenezwa kwa kutafuta sarafu ufukweni inapiga kelele mfululizo ikifika hapa.

Mashine nzuri ina uwezo wa kujisawazisha na ardhi. Inajifunza sauti ya udongo na kuitoa, kinachobaki ndicho cha kuchimba. Uwezo huu ndio unaoulipia hela nyingi, na ndio ambao mashine feki inaukosa. Tatizo ni kwamba huwezi kuujua ukiwa umekaa kwenye kiti cha plastiki dukani, mtu akipitisha pete juu ya sahani. Hewani hakuna chuma. Hewani karibu kila mashine ni nzuri.

Feki ziko za aina mbili

Aina ya kwanza inafanana na mashine halisi kwa rangi, stika na boksi. Si tatizo la kufikirika. Mwaka 2015 mkuu wa Codan, kampuni mama ya Minelab, alilieleza shirika la habari la Reuters kwamba michoro ya detekta zao iliibiwa kwa udukuzi, na nakala za bei poa zikaja kuuzwa huku Afrika. Feki ya aina hii inalia kweli ukiipa sarafu. Inafeli ikikutana na udongo mwekundu na kipande kidogo.

Aina ya pili ni mbaya zaidi: kifaa chenye antena inayozunguka, kinachodaiwa "kuvuta" dhahabu kutoka mita mia kadhaa. Hakina koili wala hakitumi kitu chochote ardhini. Antena inageuka kwa sababu mkono unainama kidogo bila mwenyewe kujua, akitarajia igeuke. Daktari Mwingereza William Carpenter aliielezea tabia hii ya mwili mwaka 1852.

Kisa cha kusikitisha cha vifaa vya namna hii kilitokea Uingereza. Mfanyabiashara James McCormick alichukua kifaa cha mzaha cha kutafutia mipira ya gofu iliyopotea nyasini, kisichofika hata dola 20, akakigeuza na kukiuza kwa maelfu ya dola kama kigunduzi cha mabomu, kwa jina ADE 651. Kilitumika kwenye vizuizi vya barabarani Iraki wakati watu wanakufa kwa milipuko. Mei 2013 mahakama ya London ilimfunga miaka 10. Askari waliokishika waliamini kinafanya kazi. Kuamini si kipimo.

Jaribio la vikombe

Tafuta kipande kidogo cha risasi, ile metali, mfano uzito wa nyavu za wavuvi uliokatwa. Dhahabu safi inapitisha umeme vizuri kuliko risasi, lakini dhahabu ya ardhini mara nyingi imechanganyika na fedha, jambo linalopunguza uwezo huo, kwa hiyo risasi inafaa kama mbadala. Ukiwa na kipande halisi cha dhahabu, bora zaidi. Njoo nacho wewe, usitumie cha muuzaji.

Funika vikombe vinne vya plastiki juu ya ardhi isiyo na vyuma. Anayeshika mashine ageuke pembeni. Mtu wenu afiche kipande chini ya kikombe kimoja, halafu aondoke kabisa, asibaki kutazama, maana hata macho yake yanaweza kutoa jibu. Kisha mwenye mashine atafute. Rudieni mara tano.

Kwa kubahatisha, nafasi ya kupatia mara moja ni 1 kati ya 4. Kupatia zote tano kwa bahati ni 1 kati ya 1,024. Detekta ya kweli itapatia zote bila jasho. Kifaa cha antena kitapatia moja, pengine mbili, na mwenye nacho atasema leo jua ni kali.

Hilo linamaliza matapeli wa antena. Kwa ile feki ya kwanza, nendeni kwenye udongo mwekundu wa eneo mnalotaka kuchimba:

1. Washa mashine na pandisha na shusha koili juu ya ardhi safi. Baada ya kusawazisha, mvumo wake unapaswa kutulia. Ukipanda na kushuka kila ukinyanyua mkono, mashine imeshindwa na ardhi.

2. Usifukie kipande kutoka juu, kwa sababu udongo uliochimbuliwa haufanani na ulioshikamana. Chimba kishimo pembeni, kisha sukuma kipande kwa mti kiingie chini ya udongo ambao haujaguswa. Anza sentimita 5, halafu 10, halafu 15. Andika pale sauti inapopotea. Hiyo namba ndiyo unayoinunua.

3. Fanyeni zoezi hili mchana wa jua, na mashine iwe imewaka saa mbili mfululizo. Kasoro nyingi hujificha asubuhi na kutokea vyuma vikipata moto.

4. Kaeni mbali na nyaya za TANESCO, mota za karasha na simu. Mashine ikipiga kelele hapo, sogeeni kwanza kabla ya kuihukumu.

Kagua na mwili wake

Tikisa waya wa koili polepole kuanzia kwenye sahani hadi kwenye boksi. Sauti ikikatika au kukoroma, kuna waya uliovunjika ndani. Gonga koili kwa kidole: ikilia kama kuna kitu kinacheza, au ukiona ufa, maji yanaweza kuingia. Tazama betri ya lithiamu. Ikiwa imevimba, iache. Uliza bei ya betri na koili mpya kabla ya kukubaliana, maana hivyo ndivyo vinavyochoka mapema, na gharama yake uikate kwenye bei.

Linganisha namba ya utambulisho kwenye mashine na ile ya kwenye karatasi, kisha muulize mtengenezaji au wakala wake kama namba hiyo wanaitambua. Stika nzuri peke yake haitoshi, kwa sababu inachapishwa popote. Namba ikiwa imekwanguliwa, huenda ni mali ya wizi, na wizi huo utakufuata wewe.

Mkikubaliana, andikishaneni mbele ya mashahidi, ikiwezekana kwenye ofisi ya kijiji, mkitaja namba ya mashine, bei na matokeo ya jaribio. Na kumbuka kuwa na detekta hakukupi haki ya kuchimba. Eneo lina leseni ya mtu, kwa hiyo zungumza na mwenye leseni mgawane vipi kabla sahani haijagusa ardhi, na ukiwa na shaka nenda ofisi ya Afisa Madini Mkazi.

Muuzaji mwaminifu hatachukia jaribio hili, kwa sababu mashine yake itajitetea yenyewe. Atakayesema hana muda, au kwamba mteja mwingine yuko njiani na hela mkononi, mwache amsubiri huyo mteja. Hela ya watu wanne ikishapotea, hakuna detekta ya kuitafuta.