Rulema ao kusine: mashini inaomba nini?

Labda hii mambo unaijua. Ni saa kumi na moja ya magaribi. Mama amejitwika beseni ya mahindi, anafika kwa mashini ya kusaga, anakuta wamama wengine wamekaa chini. Mashini imenyamaza. Fundi anatoka chini yake, mikono yote grisi, anasema: “Rulema imekufa tena.” Tena! Ni ya tatu katika miezi mine. Mwenye mashini, mujane mwenye kulipa masomo ya watoto kwa hiyo kazi, anashika kichwa. Ndipo kijana mumoja anamupa shauri: “Mama, acha kutupa feza. Turnere akukatie kusine ya bronzi. Ile haina bili za kuvunjika.”

Unasema nini wewe? Ungekubali?

Kwanza tusikilizane juu ya majina. Rulema ni pete mbili za chuma kigumu, moja ndani ya ingine, na katikati bili zenye kuviringika. Kusine ni bomba fupi tu, ya bronzi ao ya plastiki ngumu, na chuma chenye kuzunguka (mafundi wanasema aksi) kinateleza ndani yake. Rulema inaviringika, kusine inateleza. Tofauti yote inatoka pale.

Vijana wengi wanazania kusine ni rulema ya masikini. Hapana! Fungua motere ya lori kubwa yenye kubeba mawe ya mugodi: vilebrekeni yake inazunguka ndani ya kusine, si ndani ya bili. Inawezekana namna gani? Mu mwaka wa 1883, Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa anapima kusine za magurudumu ya gari-moshi. Alitoboa tundu juu ya kusine, kusudi atie mafuta. Ajabu, mafuta yakapanda kupitia lile tundu! Akaziba na kizibo, kikasukumwa inje. Akaziba tena na muti, nao ukatoka. Kumbe aksi yenye kuzunguka inavuta mafuta chini yake mpaka yanaibeba. Chuma haigusi chuma tena. Ndiyo sababu kusine ya motere inaweza kufanya miaka mingi. Lakini siku mafuta inakauka, kwa dakika chache tu kusine zinayeyuka na motere inakufa.

Sasa rudi kwa mashini ya yule mama. Inazunguka mara elfu na zaidi kwa dakika. Iko na pompi ya kusukuma mafuta sawa ile ya lori? Haina. Iko na mutu wa kutia mafuta kila saa? Mutoto mwenye kuichunga anawaza mupira. Kusine ya bronzi pale ingepata moto na kukamata aksi, na aksi yenyewe ingeharibika, ambayo bei yake inapita rulema kumi. Shauri la kijana lilikuwa la roho nzuri, lakini halikufaa kwa ile fasi.

Ulizo la kweli ni lingine: kwa nini rulema zinakufa? Kuna hesabu moja ambayo kila kijana fundi aiweke ndani ya kichwa. Ukizidisha muzigo wa rulema ya bili mara mbili, maisha yake haigawanyike kwa mbili: inagawanyika kwa munane! Rulema ya kufanya miezi 16 inafanya miwili. Na muzigo unaongezeka ovyo: mukaba umekazwa kupita kiasi, puli mbili haziko mustari moja, fundi amepiga nyundo kwa pete ya inje wakati wa kuingiza rulema kwa aksi. (Piga kwa pete ya ndani tu, na kipande cha bomba katikati. Ukiipasha moto ndani ya mafuta, isipite digri 120.) Hata grisi: ukijaza yote inajipasha moto. Nusu ya nafasi inatosha. Na soma namba: 6205, zile mbili za mwisho zidisha na tano, tundu lake ni milimita 25. Vile huuziwi ingine ku soko.

Kule Göteborg, Uswidi, fundi Sven Wingquist alikuwa na shida ile ile. Atelie za kufuma nguo zilijengwa juu ya udongo laini. Nyumba zilikuwa zinasogea, aksi zinapinda, rulema zinakufa. Mu 1907 akatengeneza rulema yenye musululu mbili za bili, yenye kujinyoosha yenyewe aksi ikiinama kidogo. Kampuni SKF ilizaliwa mwaka ule.

Lakini ngoja, kusine iko na fasi yake, na ni pana. Fasi yenye kuzunguka polepole, muzigo wa kushituka, vumbi, na hakuna mutu wa kuchunga. Tazama pompi za mukono za vijiji vyetu. India Mark II, iliyotengenezwa miaka ya 1970, iko na rulema mbili ndani ya mukono wake. Ni nguvu kweli, lakini siku zimekufa inaombwa vyombo vya pekee kuzitoa, na kijiji kinangoja fundi wa mbali. Wamama wanarudi kwa muto. Kwa pompi Afridev, iliyotengenezwa miaka ya 1980 kule Malawi na Kenya, walitia kusine za plastiki. Ndiyo, zinalika. Lakini watu wa kijiji wenyewe wanafungua na ufunguo moja, wanatoa ya zamani, wanatia mupya. Mimi ningechagua hii, hata kama kusine yake haina maisha marefu. Kitu chenye kuvunjika mbele yako na unakitengeneza, kinashinda chenye kukungojesha miezi.

Na usisahau bronzi ni nini: shaba na bati. Shaba ya Katanga, bati ya Manono. Inakuwa laini kuliko aksi kusudi ilike yenyewe, aksi ibakie.

Kwa yule mujane, fundi alivuta kamba kupitia puli zote mbili. Ilionyesha ya motere imeenda kando, karibu upana wa kidole. Simenti ya chini ilipasuka na bulo moja ilikuwa inacheza. Wakamwanga simenti mupya, wakangoja ikauke, wakanyoosha, wakalegeza mukaba kidogo, ndipo wakatia rulema. Kusine ya kijana nayo turnere aliikata, lakini kwa gurudumu la pusupusu ya baba yake.